Maswali ya Wasomaji: Mtaalamu wa Usingizi Hufanya Nini Baada ya Kuchoma Sindano?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu alilazwa hapa Kigoma ili aondolewe uvimbe katika kizazi, akaambiwa angepewa nusu kaputi. Jioni alikuja wodini kijana ambaye si daktari wa upasuaji, akamtaka afungue kinywa, akagusa jino lake la mbele linalocheza, kisha akamhoji habari za pombe, miti shamba na ndugu waliowahi kupasuliwa. Mama alikereka, akamficha mengi. Asubuhi presha ilikuwa juu, upasuaji ukaahirishwa hadi mwezi ujao. Mama anaogopa pia kwamba akishalazwa na dawa atatoa siri za nyumba. Je, mtu ambaye kazi yake ni kuchoma sindano tu ana haja gani ya kuyajua yote hayo? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba. Kijana huyo ni mtaalamu wa usingizi, na sindano mnayoisema ndiyo sehemu fupi kuliko zote katika kazi yake. Dawa ikishaingia mshipani, mgonjwa hupoteza fahamu upesi, lakini pamoja na fahamu hupungua pia nguvu ya kupumua, presha hushuka, na koo huacha kujilinda dhidi ya mate na matapishi. Katika upasuaji mkubwa wa tumbo huongezwa mara nyingi dawa ya kulegeza misuli, na hapo mgonjwa hapumui kabisa kwa nguvu zake mwenyewe. Mtaalamu humwingizia mpira katika njia ya hewa, akampumulisha kwa mashine au kwa mkono, na tangu dakika hiyo hadi mama atakapofumbua macho, haondoki kichwani pake. Hutazama kidole kilichobanwa kifaa cha kupimia oksijeni, hupima presha kila baada ya dakika chache, huongeza dawa au maji, na damu ikipotea nyingi ndiye anayeirudisha. Daktari wa upasuaji ameinamia uvimbe. Uhai wa mgonjwa kwa saa hizo unaangaliwa na huyu mwingine, ambaye wagonjwa wengi hutoka hospitali bila hata kulijua jina lake.

Sasa yatazame tena maswali yaliyomkera mama. Kinywa kilifunguliwa ili ijulikane kama mpira utapita kwa urahisi, na jino linalocheza linaweza kung'oka na kuangukia katika njia ya hewa. Anayekunywa pombe kila siku huenda akahitaji kipimo tofauti cha dawa, na baadhi ya miti shamba huchezea presha au kuzuia damu isigande. Ama ndugu waliowahi kupasuliwa, yapo matatizo machache ya kurithi ambayo hayaonekani mpaka mtu apewe dawa fulani za usingizi, na njia rahisi ya kuyabashiri ni kuuliza ukoo. Kwa hiyo safari hii mama aseme kila kitu, hata kama ni gongo, na kama anaona haya mbele yako, mwache na mtaalamu faraghani.

Kuahirishwa msikuchukulie kuwa ni usumbufu. Presha iliyo juu mno kabla ya upasuaji hupanda na kushuka vibaya chini ya dawa, na moyo na ubongo ndivyo vinavyoumia. Kama ameandikiwa vidonge vya presha, aulize ni vidonge vipi atavimeza asubuhi ya upasuaji na ni vipi ataviacha, asiamue mwenyewe.

Kuhusu chakula, mnisamehe nikiwa mkali, maana hapa ndipo familia zetu zinapokosea kwa huruma. Mama ataambiwa asile kitu kigumu kwa saa zisizopungua 6, na maji matupu ayaache zikiwa zimebaki saa 2 kabla ya upasuaji, isipokuwa wodi impe maelekezo mengine. Ugali na migebuka iliyoungwa kwa mawese hukaa tumboni muda mrefu zaidi, pengine saa 8. Mkwe atakayempenyezea uji alfajiri ili "apate nguvu" anamweka katika hatari ya chakula kupanda kooni na kuingia mapafuni wakati hawezi hata kukohoa. Ikitokea amekula, semeni. Upasuaji utasogezwa, basi. Hina nayo asipake vidoleni wiki hizi, kwa kuwa kile kifaa cha oksijeni husoma kwa kupitisha mwanga, na rangi nzito huweza kukizuia.

Limebaki la siri. Akiwa amelala kabisa mama hataweza kusema neno, na mwenye mpira kooni hana sauti. Wakati wa kuamka ndipo baadhi ya wagonjwa, hasa waliopewa ketamini, hubwabwaja au kuona mauzauza kwa muda mfupi. Nimeyasikia mengi ya namna hiyo, na karibu yote hayana kichwa wala miguu. Hata lingetoka la maana, sote tuliomo humo tumefungwa na miiko ya kazi.

SWALI: Nitapasuliwa ngiri, na nimeambiwa nitachomwa ganzi ya mgongo. Jirani anasema sindano hiyo hupoozesha. Niombe nusu kaputi? – Msomaji, Tabora Mjini

JIBU: Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huchomwa chini ya hapo, kwa hiyo kupooza moja kwa moja ni jambo la nadra sana. Miguu itakuwa mizito kwa saa kadhaa, kisha itarudi. Utakuwa macho, utasikia sauti na kuhisi kuvutwavutwa, ila maumivu usiyasikie. Ukiyasikia, sema hapo hapo. Kwa ngiri, mara nyingi ganzi hii inafaa kabisa, ingawa unayo haki ya kumuuliza mtaalamu sababu za uchaguzi wake. Ukipata baadaye kichwa kinachouma unapoketi na kutulia unapolala, rudi hospitali, kwa maana kina tiba.