Barua kwa mwanangu: jenereta ya maji na jina la Mpemba

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kikoba chenu kimeombwa kumchangia fundi mwenye jenereta inayotumia maji matupu. Mmeiona kwa macho yenu ikiwasha taa, na mwenzenu aliyetia shaka akanyamazishwa kwa neno moja: "Hata Erasto Mpemba walimcheka." Unaniuliza, wewe usiyesoma fizikia, utajuaje kama huyu ni Mpemba wa pili au ni tapeli.

Tuanze na huyo Mpemba, maana jina lake linaonewa. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Vijana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi iligombaniwa, akayatia yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likapata utani wa muda mrefu.

Sasa tazama alivyofanya. Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu, alipokuja kutoka Dar es Salaam kuwahutubia, kijana alisimama akauliza: ukichukua maji ya kiasi sawa, haya nyuzi 35, haya nyuzi 100, ukayatia kwenye friji, ya nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakacheka tena. Lakini swali lile lilikuwa na kila kitu ambacho mtu mwingine angehitaji ili ajaribu mwenyewe. Osborne akarudi chuoni, akamwagiza fundi wa maabara. Fundi akaleta habari kwamba kweli ya moto yametangulia, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao. Na ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu, hawakupata ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hutangulia kuganda. Hata hivyo hakuna anayemwita Mpemba tapeli, kwa sababu alichosema kilikuwa wazi kujaribiwa na yeyote mwenye friji.

Kwa hiyo kuchekwa hakuthibitishi kitu. Wanaochekwa ni wengi, na wengi wao wanachekwa kwa haki.

Fundi wenu ananikumbusha zaidi Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, aliyedai kuwa na gari linalotumia maji. Watu wawili waliompa fedha walimshtaki. Wataalamu wa mahakama wakakikagua chombo chake, wakakuta ni ule upasuaji wa maji kwa umeme unaofundishwa shuleni. Mwaka 1996 mahakama ikaamua kwamba amefanya ulaghai, akaamriwa arudishe dola 25,000. Alipofariki mwaka 1998, uchunguzi ulionyesha mshipa wa ubongo ulipasuka, lakini wafuasi wake hadi leo wanasema alilishwa sumu. Ukiona dai ambalo kila ushahidi wa kulipinga hugeuzwa kuwa njama, shika mkoba wako.

Msidhani kila mlichokiona kilikuwa kiini macho. Umeme ukipita kwenye maji hutoa hidrojeni na oksijeni, na gesi hizo zinawaka vizuri sana. Shida iko kwenye hesabu. Maji ni majivu ya hidrojeni: yamekwisha kuungua. Kuipasua lita moja kunataka nishati isiyopungua uniti 4.4, uniti hizihizi za umeme wa LUKU. Ukizichoma gesi hizo haziwezi kukurudishia zaidi ya hapo, na injini ndogo itakupa labda uniti moja, mengine yote ni joto linalopotea. Tofauti inalipwa na nani? Betri. Ya gari, ampea 60, ikijaa ina uniti kama 0.7. Inatosha kabisa kuwasha taa chache wakati wanakikoba wanapiga makofi.

Atawaambia ni siri ya biashara. Mwacheni na siri yake, hamhitaji kufungua chochote. Nyinyi pimeni kinachoingia na kinachotoka. Fundi umeme mnayemchagua wenyewe ahakikishe hakuna waya, betri wala mafuta. Maji yatoke kwenye ndoo yenu. Kisha hita ya wati 1000 iwake saa 24 mfululizo mkilinda kwa zamu. Hizo ni uniti 24, hakuna betri ya kufichwa chini ya meza itakayozitoa. Akikubali na ikawaka, nipigie simu usiku huohuo, nitapanda basi kuja kuiona.

Kama kikoba kimeshaazimia kutoa, omba muhtasari uandikwe kwamba fedha zitatoka baada ya hizo saa 24. Na zamu yako ya kukopa usimwachie mtu kwa ajili ya jenereta.

Nisalimie mkwe wangu na watoto.

Mama yako