Kabla ya Kupitisha Mchango, Ombeni Taarifa ya Benki

Paa la shule likivuja, mkutano wa wazazi hukimbilia kupitisha mchango. Subirini kwanza. Anzeni na fedha ambazo tayari ni haki ya shule: ruzuku inayotumwa na serikali.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukueni idadi ya wanafunzi waliosajiliwa, mzidishe kwa kiwango cha ruzuku kilichotangazwa kwa kila mwanafunzi, kisha mlinganishe jibu na taarifa ya benki, si na maelezo ya mdomo. Mkiona pengo, msikimbilie kumwita mtu mwizi. Mgao ukikokotolewa kwa idadi ya mwaka uliopita, shule inayokua itapunjwa bila hata shilingi moja kuibwa. Dawa yake ni barua yenye idadi mpya, igongwe muhuri wa kupokelewa na nakala irudi shuleni. Tazameni na tarehe: fedha zikiingia muhula ukielekea ukingoni, mwalimu mkuu huwa ameshakopa chaki na karatasi dukani, na bei ya mkopo si bei ya taslimu.

Pengo huweza kuwa kubwa kupita mnavyodhani. Uchunguzi uliofanywa Uganda ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa wilayani, na fedha zinazofika shuleni zikaongezeka sana. Ubao wa matangazo wa shule unaweza kufanya kazi hiyohiyo: kiasi kilichoingia, tarehe, kilichonunuliwa, salio. Uwekwe nje mzazi anapopita, maana ubao wa ndani ya ofisi hausomwi na mtu.

Kwenye manunuzi, hati ya malipo peke yake haitoshi. Iwekeni kando ya hati ya kupokelea mzigo na leja ya stoo. Mifuko 40 ya saruji iliyolipiwa ionekane mahali pote patatu. Mchanga na mawe ya kujitolea nayo yaandikwe, la sivyo mtayalipia mara ya pili.

Tukirudi kwenye paa, pandeni juu mkague kabla ya kununua bati. Mara nyingi bati ni zima ila raba za misumari zimeoza, au fundi alipigilia kwenye bonde la wimbi, ambako maji hupita, badala ya mgongoni. Hiyo ni kazi ya misumari na viraka, haihitaji mchango mkubwa.

Kinachobaki kipelekwe vyooni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni tundu 1 kwa wasichana 25. Kwa wavulana 50, tundu 1 pamoja na sehemu ya kukojolea. Hesabuni matundu yanayotumika, si yaliyojengwa.

Fundi wa paa naye asilipwe yote. Bakizeni asilimia 10 mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite.