Faili zangu za kila siku zinapotea kwenye menyu

SWALI: Mambo vipi fundi, mi natengeneza tovuti ndogo ndogo kwa Notepad++ (ile programu ya kuandikia kodi), nina faili kama sita hivi nazifungua kila siku ya Mungu, sasa nikishughulika na za wateja zile zangu zinasukumwa wee mpaka zinatoka kwenye menyu ya File, naanza kuhangaika upya na mafolda. Hakuna menyu ya faili pendwa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Poa ndugu yangu. Hiyo orodha ni ya faili ulizozifunga karibuni, haijui unachokipenda, na kwa kawaida inabeba 10 tu. Unaweza kuiongeza kule Preferences (mipangilio) lakini hapo umerefusha foleni tu.

Dawa yake ni Project Panel, paneli ya pembeni ya kuwekea faili zako. Nenda View, kisha Project Panels, fungua ya kwanza, pembeni kushoto utaona neno Workspace, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi uongeze projekti, ipe jina lolote (yangu inaitwa "Ugali"), halafu bonyeza kulia tena juu ya hiyo projekti uchague Add Files, unaingiza hizo sita zako. Ukimaliza rudi kwenye Workspace u-sevu, watu wengi wanasahau hapa halafu wanalalamika. Baada ya hapo ni kubonyeza mara mbili tu faili inafunguka.

Ila ujue paneli inashika njia ya faili (anwani ya mahali ilipo), sio faili yenyewe, ukiihamisha folda nyingine inabidi uiongeze upya au urekebishe njia yake.