Seva ya Minecraft nyumbani: tazama kasi ya kupandisha

Ndugu, umeuliza kwa nini seva yako ya Minecraft, yaani kompyuta ya nyumbani inayoendesha mchezo huo kwa ajili yako na wenzako, inasumbua jioni ilhali una intaneti ya Mbps 40 (megabiti kwa sekunde). Hizo Mbps 40 za kifurushi chako ni za kushusha, yaani kupokea data. Wenzako wanne wanaoingia kwenye seva wanategemea kasi ya kupandisha, yaani kutuma data kutoka kwako, ambayo mara nyingi ni ndogo mno. Ipime kwanza, kwa waya, si kwa Wi-Fi.

Mchezo wenyewe hauli sana. Kinachoumiza ni simu ya mtu hapo nyumbani ikianza kupandisha picha na video: pakiti zake (vifungu vidogo vya data) zinarundikana kwenye modemu, na za mchezo zinasubiri foleni nyuma yazo. Ndiyo maana pingi yako (muda wa data kwenda na kurudi) inaruka hadi milisekunde 600 jioni. Kama ruta ina SQM, yaani zana ya kusimamia foleni ya pakiti (programu ya ruta iitwayo OpenWrt inayo), iwashe, uweke kikomo cha kupandisha kwenye asilimia 85 hadi 90 ya ulichopima. Kasi itapungua kidogo, lakini foleni utaisimamia wewe. Hili ndilo la kufanya kabla ya kulipia kifurushi kikubwa!

Halafu fungua server.properties, faili ya mipangilio ya seva, shusha view-distance (umbali wa ramani anaotumiwa mchezaji) kutoka 10 hadi 6. Vipande vya ramani anavyotumiwa kila mchezaji vinapungua kwa zaidi ya nusu. Nakala za akiba za seva zipandishe usiku, watu wakishatoka.