Mama Anauliza Nani Atalipa Nauli ya Kurudi

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 27, mkazi wa Mikindani, na nimefanya kazi kwa miaka mitatu katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja hapa Mombasa. Kanisani kwetu tulielezwa habari za meli ya hospitali ya Kikristo inayowatibu maskini bila malipo huko Freetown, nchini Sierra Leone, na tangu siku hiyo sina utulivu. Nilipomweleza mama, alidhani nasema Frere Town ya Kisauni, akaniambia niende tu, kwani ni matatu mbili. Alipofahamu kwamba ni Afrika Magharibi na kwamba hakuna mshahara, aliuliza nani atalipa nauli ya kurudi, na tangu hapo hataki mazungumzo hayo. Baba alifariki, karo ya mdogo wangu na mkopo wangu wa masomo wa HELB viko juu yangu. Isitoshe, kuna mtu anayejiita wakala wa misheni ambaye ameniomba shilingi 18,000 kwa M-Pesa ili anihifadhie nafasi. Je, niache kazi niende? Na je, nitalazimika kuwahubiria wagonjwa?

Muuguzi, Mikindani

JIBU

Dada mpendwa,

Katika barua yako yote, swali lililo bora ni la mama yako, nami nitaanzia hapo. Anayejitolea katika huduma za aina hii hapewi mshahara, na mara nyingi hujitafutia nauli, bima na fedha za matumizi. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wameizoea desturi hii: huwaandikia jamaa na washirika wao barua, kila mmoja akaahidi kiasi anachokiweza kwa mwezi. Kwetu sisi harambee huitishwa kwa ajili ya matanga, harusi na matibabu, na kijana mwenye kazi anayeomba kuchangiwa ili akafanye kazi bila malipo huonekana kana kwamba amerogwa. Usimlaumu mama. Nenda kwa wazee wa kanisa ukiwa na hesabu iliyoandikwa: nauli ya kwenda na kurudi, bima, karo ya mdogo wako, na mkopo kwa kila mwezi utakaokuwa huko, kwa sababu HELB haijui habari za wito, na faini yake haingoji mtu arudi safari. Ahadi zao zikitosha, endelea. Zisipotosha, ngoja mwaka mwingine.

Kazi usiiache. Omba likizo isiyo na malipo, ujaribu kipindi kifupi kwanza. Nadhani meli uliyoelezwa ni Global Mercy ya shirika la Mercy Ships, lililoanzishwa mwaka 1978 na Don na Deyon Stephens. Ina vyumba 6 vya upasuaji, nayo ilianza huduma Freetown mwaka 2023. Wanaopandishwa humo ni watu wenye mdomo wa sungura, mtoto wa jicho, uvimbe mkubwa wa usoni au matege, na wanawake wenye fistula, kwa hiyo muuguzi aliyekwisha kukesha na majeruhi na vidonda vya upasuaji ana la kufanya tangu siku ya kwanza. Lugha ya kazi ni Kiingereza, lakini mgonjwa wa Freetown huugulia kwa Krio, na utamsikia kupitia mkalimani.

Hapa naomba uniruhusu nikusimulie kosa langu, kwa kuwa nami niliwahi kuwa muuguzi na niliwahi kujitolea miezi minne katika zahanati ya misheni moja nchini Sudan Kusini. Wiki ya pili nilikuta kabati la dawa limepangwa, kwa macho yangu, ovyoovyo. Nilishinda Jumamosi nzima nikilipanga upya kwa mfuatano wa alfabeti, nikabandika vibandiko, nikajisifu moyoni. Usiku wa Jumatatu mama mmoja aliyejifungua alianza kutokwa na damu nyingi, na muuguzi wa zamu, mwenyeji ambaye alikuwa amelitumia kabati hilo kwa miaka tisa bila umeme, aliupeleka mkono gizani mahali ambapo misoprostoli, dawa ya kuzuia damu, ilikuwa siku zote, kwenye rafu ya kwanza karibu na bawaba. Akashika panadoli. Mpangilio wake haukuwa wa ovyo hata kidogo. Ulikuwa wa dharura, na vitu viokoavyo maisha vilikuwa karibu na mlango. Dawa ilipatikana kwa tochi ya simu, na yule mama alipona. Asubuhi tulikirudisha kila kitu mahali pake, yeye akinionyesha na mimi nikipokea maagizo, na nadhani hiyo ndiyo siku niliyoanza kuwafaa. Ukifika huko, uliza kwanza kwa nini jambo linafanywa vile linavyofanywa, hasa pale unapoona wazi kwamba wewe ungefanya vizuri zaidi.

Kuhusu mahubiri, mashirika mengi makubwa, ya Kikristo yakiwamo, yameukubali mwongozo wa maadili wa mwaka 1994 ulioandaliwa na Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengine, unaosema kwamba msaada hutolewa bila kujali dini ya mtu na hautumiwi kuendeleza msimamo wa kidini. Sala za asubuhi za wahudumu wenyewe ni jambo jingine, na huenda ukatarajiwa kuzihudhuria. Soma fomu kabla ya kutia sahihi. Kwa muuguzi wa Mombasa, ambaye kila siku humwosha na kumfunga bendeji Mwislamu na Mkristo katika wodi moja, sioni kwamba hapo pana jambo geni.

Na mama yako hakukosea sana alipoisikia Frere Town. Kituo kile, ambacho kengele yake imelipa jina eneo la Kengeleni, kilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na miongoni mwa waliohudumu huku kwetu, hasa Rabai, alikuwa William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa akasomeshwa India. Mwaka 1885 alifuatana na Askofu James Hannington kuelekea Uganda. Askofu akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyeuongoza msafara uliosalia ukarudi pwani kwa miguu. Mtu wa kwetu kutumwa ugenini si jambo la jana. Msimulie mama habari hizo, ingawa nakiri kwamba sehemu ya kurudi kwa miguu huenda isimtulize.

Kabla ya safari, leseni yako ya Baraza la Wauguzi iwe hai, na chanjo ya homa ya manjano uipate angalau siku 10 kabla ya kuingia Sierra Leone. Cheti chake sasa hudumu maisha yote.

Huyo wakala usimtumie hata shilingi. Maombi hupelekwa kwa shirika lenyewe, bila mtu wa kati wala nambari ya simu ya mtu binafsi. Ujumbe wake usiufute. Uupeleke polisi, na umwonyeshe mchungaji wako pia, kwa kuwa huenda kijana mwingine wa kanisa lenu amekwisha kumlipa.