Jibu: Imatinib ya mjomba, Moshi

Pole dada. Umeuliza mjomba mwenye CML (aina ya saratani ya damu) atapataje imatinib, dawa yake ya vidonge, na bima hana. Usianzie duka la dawa, anzia kipimo cha BCR-ABL, yaani cha jeni inayosababisha CML: bila majibu yake mpango wa dawa za bure wa shirika la The Max Foundation haumsajili mtu, na anayeomba ni daktari, si mgonjwa.

Hapo hospitali ya KCMC, mkishaonana na daktari wa saratani, nendeni ustawi wa jamii kuomba msamaha wa gharama. Bebeni barua ya mtendaji wa mtaa yenye picha ya mjomba, muhuri uguse picha. Muhuri ukikaa pembeni mtarudishwa kwenu Pasua kwa nauli yenu wenyewe.

Kidonge, kwa kawaida miligramu 400 kwa siku, ameze akishakula, kwa glasi kubwa ya maji. Tumbo tupu huleta kichefuchefu, ndipo wengi huacha dozi.