Video inakatika yenyewe dakika ya 12

Ndugu, video kukatika kila ikikaribia dakika 12 si dalili kwamba kamera ni mbovu. DSLR (kamera za kioo zenye lenzi za kubadilisha) nyingi za zamani haziandiki faili linalozidi GB 4, ambazo hapo hujaa karibu na dakika ya 12, kwa sababu kadi ya kumbukumbu hutumia FAT32, mfumo wa kupanga faili usioruhusu faili kubwa kuliko hapo. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 ilikuwa hivyo hivyo. Nyingine hukomea dakika 29 na sekunde 59, na hapo chanzo kilikuwa ushuru wa Ulaya kwa kamera zinazorekodi dakika 30 au zaidi, wala si ufundi! Bonyeza tena kitufe cha kurekodi, ikiwezekana mzungumzaji anapovuta pumzi. Ila ikikatika baada ya sekunde chache tu, shuku kadi: tafuta yenye alama ya V30, yaani inayoandika kwa kasi ya kutosha video. Sauti irekodi pembeni, maana maikrofoni ya ndani hunasa hata mlio wa lenzi.